Ntumba za Wifi

Ndugu zangu, nilikula mbegu. Kibuyu kizima cha ulezi, ambao mume wangu aliuchagua kwa mikono yake na kuuning'iniza juu ya jiko ili moshi ufukuze wadudu. Niliusaga, nikapika uji, nikanywa mpaka ukaisha. Si kwamba njaa ilinibana; mahindi yalikuwepo. Niliula kwa sababu sikuona mwaka mwingine mbele yangu.

Nirudi nyuma kidogo. Mume wangu alifariki mwezi wa nane mwaka jana, baada ya kuugua wiki mbili. Mvua za kwanza zilipoanguka, majirani wa Malangali walipita na majembe, mimi nimekaa ndani. Wakiniuliza kuhusu shamba, nasema nitaliuza niende kwa dada yangu kule Katandala, nikakae tu. "Nikakae tu." Nyie wajane wenzangu mnalijua neno hilo, naona mnatazamana.

Mwezi wa tatu, nyasi zimefika kiunoni, akaja wifi yangu, dada wa marehemu. Tangu naolewa, huyu na mimi ni utani tu. Hakupiga hodi, alipitiliza shambani. Nilipotoka nikamkuta anafyeka nyasi, anazilaza kwa mduara, anazifunika kwa udongo. Alikuwa anatengeneza ntumba, yale matuta yetu ya duara: nyasi zinaozea ndani, na mvua za msimu unaofuata zikianza unayabomoa, unayatawanya, ndipo unapanda ulezi.

Nikamwambia anajisumbua, shamba nauza.

"Uza," akasema. "Kwani nakulimia wewe, mvivu? Mimi nalima la mwakani."

Hakuniomba msaada. Alilima siku ya kwanza, na ya pili. Siku ya tatu nikaona tuta moja amelifunika vibaya, nyasi zinachungulia nje. Sijui kama alifanya makusudi. Nikachukua jembe nikalirekebisha. Akanitazama, akasema kumbe kaka yake hakuoa mzigo. Nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Hadi jua linazama tulikuwa tumemaliza mstari mzima.

Nimeifikiria sana kazi ile. Mimi nilikuwa nasubiri moyo upone ndipo nishike jembe. Lakini anayetengeneza ntumba haulizwi kama ana furaha, wala kama ana uhakika. Anafukia nyasi za leo. Matumaini yangu yalikuja hivyo, yakinikuta mikono ina udongo. Kama kuna mwenzangu humu hayaoni bado, asiyasubiri kitandani.

Maharage tuliyopanda juu ya matuta tulivuna mwezi wa sita. Shamba sikuuza. Nawashukuru ninyi mlionikusanyia mbegu nyingine, kila mmoja kikombe chake, bila kuuliza zangu zilikwenda wapi. Leo mmejua.

Wifi hayupo hapa, kikundi hiki ni cha wajane. Juzi tulikuwa tunachambua maharage, ndipo nikashtuka. Aliyekufa ni mume wangu, lakini pia alikuwa kaka yake wa pekee. Siku ya msiba wote mlinishika mimi mkono. Yeye alikuwa jikoni, anawapikia.

Nikamwuliza, "Na wewe, wifi, unaendeleaje?"

Akainama, akaendelea kuchambua.