Waliokufa na Wasiokuwepo

Risasi moja ililia usiku, huko juu upande wa kambi ya jeshi, kisha kimya. Nyamugari nzima, mtaa wetu hapa Gitega, iliamka ikasubiri ya pili. Ya pili haikuja. Vita vimeisha, waliokimbia wanarudi, lakini masikio yetu bado yanahesabu, na mtu aliyezoea kuhesabu hawezi kulala akiwa na moja tu. Asubuhi tulikutana kwa mzee Kassimu na macho mekundu. Kijiwe chetu ni mlango wa nyumba ambayo haipo tena, umelazwa juu ya matofali mbele ya jiko la makaa na birika jeusi. Hussein fundi cherehani, tunayemwita Waziri, alikuwa amekaa katikati kama kawaida yake. Uthmani muuza vipuri vya baiskeli, tunayemwita Kalkileta kwa kupenda hesabu, alikuja mbio. Damiano, ambaye jina lake la kijiweni ni Koplo kwa sababu aliwahi kuwa koplo kweli, alikuwa amenuna tangu kabla hatujafika. Na pembeni, upande wa kitasa ambao haukaliki vizuri, alikaa Nazario, mkulima wa Itaba, kijiji, au kilima kama tunavyosema huku, ambaye kila siku ya soko huleta maparachichi kwa baiskeli.

— Kilo moja ya maharage! alisema Uthmani kabla hajaketi. Ndiyo bei ya risasi ile ya jana. Mi nimeshapiga hesabu. Mtu amesimama huko juu, amerusha kilo ya maharage mbinguni, bure.

— Alikuwa mlevi, alisema Kassimu, akimimina kahawa.

— Mlevi ni sawa, muzee. Lakini mlevi wa raia anarusha chupa. Chupa unaokota, unauza. Risasi nani ataiokota?

— Ndiyo maana redio imesema jeshi likatwe, aliingia Hussein. Hamkusikia asubuhi? Nchi iko na deni mpaka hapa. Alijipima kooni kwa utepe wake wa kupimia nguo. Wale wenye kudai wamesema: punguzeni askari, tuone kama mnataka kulipa.

— We fundi, askari wakipunguzwa utashona gwanda za nani?

— Donc nasema hivi: usikate askari. Kata nguo. Askari wawili, gwanda moja. Huyu akilala, huyu analinda.

— Na wakivamiwa?

— Yule aliyebaki na chupi naye ni askari, sha. Tena anaogopesha zaidi.

Tulicheka. Kassimu hakucheka, yeye hucheka jioni akishafunga.

— Wapelekwe Muyinga, alisema. Wachume kahawa. Hii mnayokunywa hapa ni mabaki, ile nzuri inapanda ndege. Kila askari na kikapu chake. Miguu iko nayo, mgongo iko nayo. Deni inalipwa kwa kahawa, kikombe kwa kikombe.

— Muzee, wakichuma wote hao, bei inaanguka, alisema Uthmani. Mi nimepata dawa. Nisikilizeni vizuri. Wadai wanataka kuona tumepunguza, si ndiyo? Bon. Tunaandika watu wote jeshini. Wote! Mi, we, mama zetu, na mtoto aliyezaliwa jana. Leo usiku nchi nzima ni askari. Kesho asubuhi tunapunguza wote, tunabakisha mia. Hakuna nchi imewahi kupunguza hivyo. Wadai watalia kwa furaha. Watachana daftari.

— Eh, Kalkileta! Hussein alipiga makofi. We ungekuwa Bujumbura.

— Na pesa ya kuwaachisha? aliuliza Damiano.

Lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi hiyo. Alilisema bila kuinua macho kwenye kikombe.

— Pesa gani, Koplo?

— Mimi nilikatwa, alisema. Miaka mitatu sasa. Nilipewa pesa kwa mafungu, na mafunzo ya siku tatu jinsi ya kufuga mbuzi. Mbuzi alikufa. Sasa nauliza. Siku ile nilipovua gwanda, deni lilipungua?

Alimgeukia Kalkileta.

— Uthmani, we una hesabu. Lilipungua?

— Liliongezeka, alisema Uthmani taratibu.

— Kwa hiyo pesa ya kunikata ilitoka wapi?

— Ilikopwa.

— Kwa nani?

— Kwa hao hao.

Damiano alitikisa kichwa, kama mtu aliyepewa chenji kamili, akarudi kwenye kahawa yake. Makaa yalipasuka jikoni. Kassimu akamwongezea kikombe bila kuombwa, jambo ambalo Kassimu halifanyi.

Hussein hapendi kijiwe kikinyamaza. Akajikohoza kiwaziri.

— Voilà, ndiyo maana huu mpango wa sasa ni mzuri. Hawaanzi na watu kama Koplo. Wanaanza na wale ambao hawako. Askari hewa.

— Hao ni nani? aliuliza Kassimu.

— Muzee, we redio yako ni ya mapambo? Vita vilipoisha, waasi wa porini waliingizwa jeshini, si ndiyo? Makundi kwa makundi, na majina yao ya porini. Simba, Radi, Kijiko, sijui nani. Wengine waliandikwa na hawakuonekana tena. Lakini jina liko, na mshahara wa jina unatoka kila mwezi. Sasa orodha imezungushwa kilima kwa kilima. Kama iko mtu wako, unakuja, unasema jina lake la kweli. Jina ambalo halina mtu wa kulidai, wanapiga mstari. Kwa Gitega mwisho ni leo adhuhuri.

— Hiyo ni akili, alisema Uthmani.

— Akili kabisa! Unakata, hakuna damu. Hakuna mbuzi wa kununua. Hakuna mama anakuja kulia mlangoni. Nani atamlilia mtu ambaye hakuwepo?

— Hiyo hata mi naikubali, alisema Kassimu.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, mlango mzima ulikubaliana. Nazario peke yake aliweka kikombe chini kikiwa kimejaa.

Ukimwuliza Nazario ana watoto wangapi, husema: watatu, na mwingine. Kijiwe kimemzoea hivyo. Hussein humtania kwamba huyo mwingine alipatikana nje ya nyumba, na Nazario humwacha aseme. Mimi najua, kwa sababu ndimi niliyemsomea karatasi zake siku moja ya soko, akaniambia kilichokosekana humo. Aliondoka Itaba akiwa mtoto wa kushikwa mkono, akakulia kambini Tanzania, akaoa huko, akazaa huko. Kijana wake wa kwanza, mwenye sauti nzito ya kwaya, alitoroka kambini, akavuka mpaka, akaingia porini. Ulipofika wakati wa kurudi, mwandishi wa fomu alimwuliza: watoto wangapi? Nazario akasema watatu. Alihofia kwamba akimtaja aliye porini, lori lingeondoka bila wao. Fomu ikaandikwa watatu.

Kwa fomu hiyo alikuja kudai shamba la baba yake. Alimkuta Venansi analima, tena analima kwa miaka mingi, na watoto wake wamezikwa humo. Wazee waliosikiliza shauri walimwapisha Nazario: karatasi hii ni ya kweli yote? Akaapa. Akapewa nusu, Venansi akabaki na nusu, na tangu siku hiyo Venansi anasubiri kosa moja tu kwenye ile karatasi ili shauri lifunguliwe upya. Nazario hakulitaja jina la kijana tena. Hakulitaja hata nyumbani, kwa sababu kuta za Itaba ni za udongo na Venansi yuko upande wa pili wa migomba. Vita viliisha na kijana hakurudi. Mkewe, Jeska, ameshakubali kwamba amekufa, anataka kuganduka, kuwaita watu siku moja, wanywe pombe ya ndizi, msiba uishe kama desturi inavyotaka. Nazario humwuliza: tutawaambia nani amekufa?

Hayo sikuwahi kuyasema kijiweni. Ukisema jambo hapa asubuhi, Itaba wanalijua kabla baiskeli ya Nazario haijamaliza mlima.

Wakati huo alifika mwanamke mwenye viatu vilivyojaa vumbi jekundu, amebeba faili ndani ya mfuko wa plastiki. Aliomba kahawa na mahali pa kukaa. Uthmani akasogea.

— Karibu, dada. Unatoka mbali?

— Muyinga. Mwakiro, wiki mbili. Naitwa Christina. Mimi ni karani tu, msianze kunilaumu. Nazungusha orodha ya askari, ile waliyoitangaza.

Hussein alisimama kabisa.

— Dada! Tulikuwa tunakusifu sasa hivi. Umepata hewa wangapi?

— Mwakiro kuna ukurasa mzima, alisema Christina. Ukurasa mzima, kaka, na hakuna aliyekuja. Niliketi chini ya paa la shule tangu asubuhi. Watu walipita mbali, wananitazama, kisha wanaangalia majembe yao.

— Walikuwa hawawajui.

— Walikuwa wanawajua.

Alikunywa. Mkono wake ulikuwa na wino.

— Bado nina mmoja wa huku, alisema. Wa Gitega. Nikifika ofisini adhuhuri, ninafunga. Nimeuliza sokoni, nimeuliza kanisani. Hebu na ninyi mnisaidie. Alifungua faili, akasoma kwa sauti ya mtu aliyesoma mara nyingi. Asili yake Itaba. Alitokea kambini Tanzania. Jina la porini, Besi, kwa sababu aliimba sauti ya chini. Alianguka Mwakiro siku chache kabla bunduki hazijanyamaza. Wenzake walimwandikisha hata hivyo, walidhani atapona. Mmoja wao amenionyesha kaburi, lipo kando ya shamba la kahawa, lina mawe matatu. Lakini jina lake halisi hakulijua.

— Porini hatuambiani, alisema Damiano, ambaye naye alianzia huko kabla ya kuwa koplo. Ukikamatwa, usije ukataja nyumba ya mwenzako.

— Nina safu mbili, alisema Christina. Waliokufa, na Wasiokuwepo. Bila jina siwezi kumweka kwa waliokufa. Aliyekufa, familia inapelekwa kaburini, inapewa karatasi. Asiyekuwepo, shamba litalimwa, mawe yatahamishwa. Alitutazama mmoja mmoja. Huyu anaitwa nani?

Lilikuwa swali jepesi kuliko yote tuliyokuwa nayo asubuhi ile. Kalkileta aliangalia vidole vyake. Kassimu alifunika birika.

— Mwandike hakuwepo, dada, alisema Hussein, bado akitabasamu. Nchi inaokoa mshahara mmoja. Kwani mshahara wake nani alikuwa anakula?

— Hilo halimo kwenye fomu.

— Basi piga mstari, twende.

— Hussein, alisema Damiano. Nyamaza.

Damiano alikuwa anamtazama Nazario. Sote tukamtazama. Nazario alikuwa ameshika ukingo wa mlango kwa mikono miwili. Alipoongea, alimwongelesha Christina peke yake, kwa Kiswahili chake cha Tanzania kilichonyooka, kama mtu anayeuliza nauli.

— Samahani, mama. Ukiandika jina la mtu huyo, na la baba yake linaandikwa?

— Lazima. Jina la baba, kilima, na idadi ya watoto wa nyumba hiyo.

— Idadi lazima?

— Ipo kwenye fomu, mzee.

— Na karatasi inaenda wapi?

— Moja jeshini. Nakala moja kwa mkuu wa kilima. Inabandikwa ukutani ili mwenye pingamizi aje.

— Lini?

— Jumatatu.

Nazario alihesabu siku. Ilikuwa Alhamisi. Mkuu wa kilima chao anapanga nyumba kwa Venansi.

— Na mtu akiwa tayari ameapa idadi nyingine? Kwa karatasi nyingine?

Christina aliinua macho. Alielewa, nadhani, kwa sababu aliacha kuongea kikarani.

— Sijui, baba, alisema. Huo ni mlango wa watu wengine. Mimi hapa nina safu mbili tu.

— Mzee Nazario, alinong'ona Uthmani, fikiria. Una watatu wanakula kwenye lile shamba. Huyu hali tena.

— Amekuwa akiliwa kila mwezi, alisema Damiano.

— Mi nilikuwa natania, alisema Hussein. Utepe wake ulikuwa umemwangukia miguuni na hakuuokota. Muzee, haki ya Mungu, mi nilikuwa natania tu. Sikujua kwamba... we ungesema.

— Ningesema nini, Waziri? Ulikuwa sahihi. Mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kumkata. Nilimkata kabla ya jeshi. Mtu wa fomu aliniuliza wangapi, nikapunguza mmoja. Ilikuwa rahisi. Ulisema kweli, hakuna damu.

Adhana ya adhuhuri ilianza msikitini. Siku nyingine Kassimu huwa wa kwanza kunyanyuka. Leo alikaa. Christina alichomoa kalamu, akaifungua, akaiweka juu ya ule mstari mtupu, na hakumharakisha. Baiskeli ilipita. Mwanamke mmoja akauliza bei ya maparachichi, akasubiri, akaenda zake.

— Jeska atanipiga, alisema Nazario. Alipaswa kulisikia hili yeye kwanza.

Kisha akavua kofia.

— Andika wanne, alisema. Baba, Nazario. Kilima, Itaba. Yeye ni Simoni. Simoni Misago.