Mzee Sikio, Daktari wa Homa za Kupe

Waombolezaji wenzetu, mliokaa na ninyi mliosimama huko nje kwa kuwa viti vimekwisha, familia imemtuma shemeji wa marehemu asome maneno haya, naye anaomba mumvumilie asome polepole, kwa sababu marehemu hakuwa mtu wa kukata shauri haraka, isipokuwa mara moja tu, na hiyo mara moja ndiyo iliyotukusanya hapa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma ya duka la fundi viatu, akiwa mtoto wa tatu wa fundi huyo na mke wake mshonaji, akakulia kwenye harufu ya gundi na ngozi, na dada zake wanasema rafiki yake wa kwanza alikuwa mbwa koko aliyelala mlangoni, ambaye baba yao alimfukuza kila asubuhi, naye akarudi kila mchana bila kinyongo.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari ya ng'ambo ya reli, ambako hesabu zilimtoa jasho na biolojia ikamwokoa, akajiunga na chuo cha mifugo na kuhitimu tarehe 30 Novemba 1985, na wakati wenzake wote walikimbilia ng'ombe, yeye alichagua mbwa, ndugu wakamcheka mpaka mbavu zikawauma, wakimuuliza kama siku hizi mbwa naye analazwa wodini.

Mwaka 1986 aliajiriwa katika zahanati ya wanyama, chumba chenye madirisha mawili, meza ya bati na darubini yenye lenzi iliyokwaruzika, na humo ndimo alimopata jina lake, kwani kila alipoletewa mbwa mwenye homa alimchoma kidogo ncha ya sikio, akachukua tone la damu, akalipaka kwenye kipande cha kioo na kuwatafuta bakteria wanaoletwa na kupe, ambao hujibanza ndani ya chembe nyeupe za damu, watoto wa mtaani wakaanza kumwita Mzee Sikio hata kabla hajaota ndevu za kutosha. Lakini kioo chenyewe hakukiamini sana, maana bakteria hao wanajua kujificha, na mbwa anaweza kuwa anakufa huku kioo chake hakina kitu, hivyo alifunua midomo kutazama fizi kama zimepauka, alipapasa tumbo, aliuliza habari za kupe na za damu puani, alipima kama chembe za kugandisha damu zimepungua, na dalili zikikubaliana alianza vidonge siku hiyo hiyo, akiwaambia wenye mbwa, "Kioo kisafi si mbwa mzima." Kisha jioni aliwapigia simu mpaka aweze kuwaambia kwamba homa imeshuka, sasa wakalale.

Ni mbwa aliyemkutanisha na dada yetu, mbwa wa baba yetu mzazi, aliyekuwa akivuja damu puani, na mzee wetu alikwisha kuapa kwamba jirani amemtilia sumu, hawasalimiani tena, lakini marehemu aliuliza maswali mengi, akatoa kupe nyuma ya masikio, akaandika vidonge vya mwezi mzima, mbwa akapona na jirani akarudi kunywa chai, na mzee wetu akasema mtu anayemsikiliza mbwa kiasi hicho hatashindwa kumsikiliza mke. Walifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1992, wakajaliwa watoto wawili, binti ambaye ni dereva wa malori na kijana ambaye ni mwalimu, na kwa kweli alimsikiliza mke wake, miaka yote hiyo, mpaka Mei mwaka huu.

Tarehe 11 Mei 2024 alirudi nyumbani kutoka kazini akitetemeka, siku chache baada ya kumhudumia mbwa wa dobi aliyejaa kupe, dada yetu akataka waende hospitali, yeye akasema ameshapimwa malaria palepale zahanati, kioo ni kisafi, ni uchovu tu, na kidonda chenye gamba jeusi nyuma ya goti akakiita mwiba. Dada yetu alisimama mlangoni na viatu mkononi, akamwambia, "Kioo kisafi si mbwa mzima, na leo mbwa ni wewe." Marehemu alicheka, akageukia ukutani. Inauma kusema, lakini dawa ya homa yake ilikuwa ndiyo hiyo hiyo aliyoigawa kila siku, imejaa kabatini kwake, na hakuigusa.

Tarehe 17 binti yake alimbeba mgongoni mpaka kwenye gari, daktari wa hospitali akaliona lile gamba, alama ya kuumwa na kupe, akauliza mgonjwa anafanya kazi gani, akaanza dawa kabla hata ya majibu, ila figo zilikuwa zimekwisha kuchoka. Akiwa wodini aliagiza mbwa wa dobi asikatishiwe vidonge hata akianza kutikisa mkia, kisha akamshika dada yetu mkono, akamwambia, "Ulinipima vizuri, mke wangu." Alifariki tarehe 21 Mei, saa nane mchana.

Kwa hiyo dada, familia inasema mbele ya watu wote hawa, usijilaumu, wewe ulisema, na yeye alikiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana wakiwa wamechelewa kuletewa vita, majirani waliokesha na dada yetu, na wenzake wa zahanati, hasa mama wa maabara, aliyetuarifu asubuhi hii kwamba mbwa wa dobi amekula, amesimama, na vidonge vyake vinaendelea.

Mzee Sikio, homa imeshuka, sasa kalale. Pumzika kwa amani.