Madam Nyuklia na Dude la Uani

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa kinyozi, na benchi hilo lina desturi zake: anayekuja na habari hupishwa nafasi, anayekuja na ukweli huambiwa asubiri. Mwisho wa kulia hukaa Soli, fundi viatu, kiatu cha mtu hakimtoki mapajani. Katikati ni kinyozi mwenyewe, wanayemwita Waziri Kivuli, maana hakuna wizara ambayo hajaiongoza akiwa ameshika mashine ya kunyolea. Anayefuata ni Antena, fundi simu, anayeapa kwamba habari zote za dunia hupitia mikononi mwake, ila huja na kioo kilichopasuka. Mbele yao, juu ya kigoda, ni Mama Birika na kahawa yake. Huyu haongei sana, lakini akibeba birika lake akaondoka, mjadala umefungwa. Alasiri hiyo aliongezeka mtu mmoja: mpwa wa Soli, mwanamke mwenye suti ya kijivu na mkoba uliofura makaratasi, aliyekuwa amemeza hasira tangu asubuhi na bado haijashuka.

Kijiweni walimwita Madam Nyuklia. Ujana wake ulikuwa umekwisha darasani kwenye fizikia, kisha kwenye sera za usalama, kisha kwenye mikutano ya mataifa ambako watu wazima hubishania neno moja mpaka chai inapoa. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha vitu vya nyuklia haviangukii mikononi mwa watu wabaya. Ni kazi ambayo ukiifanya vizuri hakuna kinachotokea, na kwa kuwa hakuna kilichotokea, hakuna anayekushukuru. Hata mama yake mzazi, majirani wakimuuliza, alijibu tu kwamba binti yuko kwenye mambo ya hospitali.

Asubuhi hiyo alikuwa amesimama mbele ya kamati ya bunge na muswada wa kulinda vifaa vya mionzi, muswada alioulea miaka na miaka kama mtoto mgonjwa. Mwenyekiti alipiga miayo, akamuuliza: "Binti, sisi bomu hatuna. Sheria ya nini?" Wajumbe wakacheka. Wakampa nafasi ya mwisho, kesho yake asubuhi, kabla kikao cha bunge hakijafungwa. Mkuu wake wa idara akamshauri auache muswada upumzike. Akakataa. Akaenda kwa mjomba wake kulalamika, na mjomba akamwambia bila kuinua macho kwenye sindano: "Waeleze hawa wa kijiweni. Ukiwaelewesha hawa, kamati ni mteremko."

— Haya, Madam, tulipue, alisema Waziri Kivuli, akisogea kumpisha.

— Hakuna wa kulipuliwa, mzee wangu. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Watu wakisikia nyuklia, wanafikiria bomu.

— Sasa wafikirie nini, harusi?

— Mimi naunga mkono bomu, Antena alidakia. Taifa lenye bomu linaheshimiwa. Tununue moja, hata dogo. Hata la mtumba.

— La mtumba! Soli aliguna. Likigoma kulipuka utalirudisha kwa nani?

— Nitalifungua mwenyewe. Simu inanishinda? Waya mwekundu, waya mweusi, basi.

— Mjomba, hebu waambie wanisikilize.

— Subiri, mwanangu, na mimi nina hoja. Bomu ni ghali. Sisi tuchukue tangi kuukuu la maji, tulipake rangi, tulifunike turubai, tuweke askari wawili wakali. Nani atajua? Mficha uchi hazai.

— Soli, methali hiyo umeivalisha mguu wa kushoto kwenye kiatu cha kulia, alisema Waziri Kivuli. Inayofaa hapo ni haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo bomu linavyotengenezwa. Leo kijiko, kesho kijiko.

— Kijiko cha nini?

— Cha hicho chenyewe.

Madam Nyuklia alipokea kikombe kutoka kwa Mama Birika, akanywa funda moja la moto, akajikaza. Alikuwa amewahi kubishana na mabalozi kutwa nzima bila kuinua sauti. Benchi lisingemshinda.

— Mnaijua hospitali kuu, alianza. Mnalijua lile jengo kuukuu la uani, nyuma ya chumba cha kufulia?

— Lenye alama ya feni ya njano mlangoni, alisema Antena.

— Siyo feni. Ni alama ya mionzi. Mle ndani mna mashine ya zamani ya kutibu uvimbe. Ilishastaafu. Lakini tumboni mwake mna kipande cha chuma, kidogo kuliko kidole gumba changu, kimefungiwa kwenye kasha zito. Chuma hicho kinatoa mionzi isiyoonekana, isiyonuka, isiyo na sauti. Kikiwa ndani ya kasha lake, mkononi mwa daktari, kinaponya. Kikitolewa, mtu akakitia mfukoni, kinamuua naye hajui kauawa na nini.

Soli aliichomeka sindano kwenye kiatu.

— Na nani akitie mfukoni? Soli aliuliza.

— Mwizi wa vyuma chakavu, asiyejua. Au mtu mbaya, anayejua. Akikisaga akakimwaga sokoni, mji mzima utahama. Hapo bomu la nini? Sheria yangu ndiyo hiyo tu: kila chuma cha namna ile kijulikane kiko wapi, na kiwe na mlinzi.

Alidhani wamemwelewa. Akajuta kudhani.

— Ndo maana redio yangu inakoroma nikipita pale! Antena alisimama. Nimesema siku zote!

— Mimi wateja wa upande ule nywele zao hazikuuui, alisema Waziri Kivuli, akivuta neno. Nanyoa leo, mwezi mzima mtu harudi. Nilidhani wananihama.

— Wanakuhama, alisema Mama Birika.

— Kikulacho ki nguoni mwako, Waziri Kivuli aliendelea kana kwamba hakusikia. Chumba cha kufulia kiko jirani. Kwa hiyo mionzi inaingia kwenye mashuka, mashuka yanaingia kwa wagonjwa, wagonjwa wanaingia mtaani. Hiyo ni njama ya mataifa makubwa. Wanatutia mwanga ili usiku watuone kwa setilaiti.

— Mzee wangu, hapana.

— Watuone tukifanya nini? Soli aliuliza. Tukikoroma?

Hapo ndipo alipofika dada mmoja, mtoto mgongoni, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi. Alikuwa hajulikani pale. Alimpa Soli kandambili iliyokatika, akasimama kwa mguu mmoja huku akisikiliza mataifa makubwa yakitafuna mashuka ya hospitali. Waziri Kivuli aliponyamaza kuvuta pumzi, yule dada alisema:

— Samahanini. Hilo dude mnalolisema la uani. Mimi hupita pale nikimpeleka mtoto kliniki. Saa hizi tunavyoongea, nani analilinda?

Waziri Kivuli akamtazama Antena. Antena akamtazama Soli. Soli akamtazama mpwa wake.

Madam Nyuklia alifungua mdomo. Mikataba aliijua. Vifungu alivijua kwa namba. Alijua kwamba imeandikwa lazima pawe na mlinzi, maana aliyeandika ni yeye. Lakini leo, saa hizi, nani? Aliona aibu ikimpanda shingoni, na nyuma ya aibu ikaja hofu.

Akatoa simu. Hospitali wakamwambia mlinzi wa jengo lile ni wa idara yake. Idara yake wakamwambia mlinzi ni wa hospitali. Kila upande ulikuwa umelala usingizi mnono ukijua mwenzake yuko macho.

— Mjomba, naenda.

— Wapi?

— Kuangalia.

Soli alimrudishia yule dada kandambili yake, gamu ikiwa bado mbichi, akavua aproni. Waziri Kivuli alimwacha mteja na nusu kichwa. Antena alifunga kibanda. Mama Birika aliwatazama wanavyoondoka, watu ambao kwa miaka hakuwahi kuwaona wakisimama kwa pamoja, akabeba birika akawafuata.

Uani mwa hospitali uzio ulikuwa umekatwa pembeni, na katikati ya tundu pamechongeka njia ya miguu. Kiti cha mlinzi kilikuwepo, mlinzi hakuwepo. Madam Nyuklia aliwasimamisha wenzake mbali, akatoa mkobani kipima mionzi chake, akasogea hatua kwa hatua huku akikitazama. Kilikuwa kimya, kinaonyesha kiasi cha kawaida. Chuma kilikuwa bado ndani ya kasha. Akashusha pumzi, akatazama kufuli. Kufuli lilikuwa zima, lakini mbao za fremu zilikuwa zimechanwa kando yake, na michubuko ilikuwa mipya, nyeupe. Mtu alikuja na mtaimbo. Labda alisikia watu, akakimbia. Labda alienda kuita mwenzake.

Alimpigia mkuu wake.

— Kesho asubuhi tutatuma mtu, alisema mkuu.

— Kesho siyo leo, bosi.

— Basi rudi nyumbani ujiandae. Una kamati kesho!

— Siondoki hapa mpaka waje watu wenye mamlaka. Kama unataka niende kwenye kamati, walete leo.

Akakata simu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mkubwa yeyote. Akakivuta kiti cha mlinzi, akakiweka mbele ya tundu la uzio, kikaikingama njia, akaketi na suti yake.

— Na sisi? aliuliza Soli.

— Nyinyi nendeni, mjomba. Hii ni kazi yangu.

— Kazi yako umetueleza alasiri nzima. Tukiondoka sasa, utakuwa umemweleza nani?

Akageuza ndoo ya kufulia, akaikalia. Antena akapata tofali. Waziri Kivuli alikataa kuketi. Alisema waziri wa ulinzi hukagua gwaride akiwa wima. Kijiwe kikawa kimehamia uani.

Jua lilipoanza kulegea, vijana wawili walitokea na mkokoteni, mtaimbo umelala juu ya gunia. Wakawaona. Wakapunguza mwendo.

— Shikamooni, alisema mmoja.

— Marahaba, alijibu Soli. Mnatafuta nini, wanangu?

— Vyuma tu, mzee. Chakavu.

Madam Nyuklia aliinuka. Aliwaeleza kama alivyolieleza benchi, kidole gumba mbele yao: hivi kilivyo kidogo, hivi kinavyoua. Hakuwatisha na polisi. Alimwonyesha yule mkubwa mkono wake mwenyewe, akamwambia mkono kama ule ungeanza na malengelenge, na mkewe angeuosha bila kujua anaosha nini. Kijana alitazama kiganja chake muda mrefu. Kisha akaugeuza mkokoteni.

— Hatukujua, mama, alisema. Haki ya Mungu.

— Najua hamkujua. Waambieni na wenzenu.

Walipopotea, Antena alisema kwa sauti ndogo kwamba bomu la mtumba halitaki tena. Hakuna aliyemcheka. Mama Birika alimimina kikombe cha mwisho, akakigonga gonga kitako cha birika, akaonyesha kwamba limekauka. Kwa desturi za kijiwe, hapo kila mtu huenda kwake. Walibaki. Giza lilikuwa linakaribia kuingia ndipo lilipofika gari la idara, na askari, na mkuu mwenyewe, shati limechomoka. Aliitazama ile fremu iliyochanwa, akamtazama Madam Nyuklia kwenye kile kiti. Akawaamuru askari wakae pande zote mbili za mlango.

Asubuhi Madam Nyuklia aliingia kwenye ukumbi wa kamati na suti ile ile, imepigwa pasi haraka, pindo lina vumbi. Mwenyekiti alikuwa anakoroga chai.

— Tuliuliza jana, binti. Bomu hatuna. Sheria ya nini?

Makaratasi aliyaacha mkobani. Alisimama wima.

— Mheshimiwa mwenyekiti, kilomita chache kutoka hapa kuna chuma kinachoweza kuuhamisha mji huu. Jana mwizi alikuwa ameshaanza kuvunja mlango. Aliporudi na mwenzake jioni, waliokuwa wanakilinda ni fundi viatu, kinyozi, fundi simu na muuza kahawa. Hawakuagizwa na mtu. Kahawa iliisha, wakabaki. Leo wana kazi zao, mheshimiwa. Naomba sheria ili warudi kazini.

Kijiko kilisimama kwenye chai. Mjumbe mmoja aliyekuwa anaandika ujumbe aliilaza simu kifudifudi. Mwenyekiti aliivuta ile nakala ya muswada ambayo tangu jana hakuwa ameifunua, akavaa miwani.

— Kifungu cha kwanza, alisema. Soma polepole.

Madam Nyuklia akakohoa, akaanza kusoma.