Dume la Gervas Ladai Mtoto

Kijiwe chetu cha Mwembesongo ni benchi moja lililochoka, birika la kahawa, na midomo isiyochoka. Wiki hii siasa tumeiweka pembeni, tunajadili uzazi wa paka. Kisa ni Gervas, muuza mahindi, tunayemwita Debe kwa kelele zake. Panya wanamtobolea magunia, mtaji unaishia matumboni mwao, na roho inamuuma kweli. Paka wa jirani yake, Mwanvita, kazaa watoto watatu: wawili rangi ya chungwa, mmoja mweusi. Debe anadai apewe mmoja, maana baba ni dume lake, Kepteni. Mwanvita kamkatalia.

Debe: Walikutana juu ya magunia yangu. Wahenga walisema, kitanda hakizai haramu.

Tukamuuliza tangu lini gunia likawa kitanda. Akasema akigombana na mkewe hulala hapohapo.

Luqmani anauza sumu ya panya Msamvu na anasoma kila kitu kwenye simu, ndiyo maana tunamwita Profesa. Akakohoa.

Profesa: Sikia, Debe. Jike la paka mayai yake hayashuki mpaka apandwe. Akianza kulia anaita madume ya mtaa mzima, na kila aliyepita anaweza kuacha mtoto wake. Tumbo moja, baba watatu.

Debe: Mbona wakimaliza jike anamchapa dume makofi?

Profesa: Dume ana vimiiba kule. Hata wewe ungechapa.

Angeishia hapo angebaki na heshima yake. Akaongeza kwamba mlio ule unapanda mpaka milima ya Uluguru, chui wanausikia, wanateremka, na huyo mweusi ni wa chui. Mcheza kwao hutuzwa, akamalizia. Hatukujua nani kacheza wala kwao ni wapi.

Mzee Kibwana, Mluguru wa Matombo, akaweka kikombe chini.

Kibwana: Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba mpita njia tu. Mwenye neno ni mjomba. Katafute mjomba wa hao paka, upeleke ombi lako.

Debe akauliza, bila kucheka, mjomba wao ni dume lipi. Profesa akasema huenda ni Kepteni mwenyewe, maana paka hawajui mwiko. Tukaanza kubishana kama mjomba anaweza kujipelekea ombi mwenyewe. Mwanvita akatukuta hapo, beseni la vitumbua kichwani.

Mwanvita: Shikamoo, mzee.

Kibwana: Marahaba, mwanangu.

Mwanvita: Kaka Gervas, huyo Kepteni anakamata panya?

Profesa akaitazama simu yake, nayo haikumsaidia.

Debe: Anawaangalia tu, dada. Mahindi yananiishia.

Mwanvita: Basi jioni njoo umchukue yule mweusi. Baba yake simjui, lakini mama yake panya wanamjua.

Debe akashukuru. Tukamimina kahawa upya, na hakuna aliyemtetea Kepteni.