Fundi Hiram Mukhisa na Gari Lililomrudisha Kitale

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 2006, Fundi Hiram Mukhisa anastaafu baada ya kuutumikia ushirika wetu wa wakulima kwa miaka thelathini na minne. Wengine mtashangaa, maana tulishamuaga mara mbili. Mwaka 2003 alipotimiza miaka hamsini na mitano tulimpa blanketi, halafu Meneja akamwongezea mkataba. Desemba iliyopita tulimuaga tena, tukampa redio. Safari hii anaondoka kweli, na hatumwombi arudishe chochote.

Fundi alitoka Bungoma mwaka 1972, kijana mwembamba, fundi wa umeme wa magari. Ametengeneza matrekta, malori ya mahindi na pikipiki za maafisa wa kilimo, lakini jina lake limeshikana na gari moja: ile Peugeot 403 nyeusi aliyotuachia mwenyekiti wetu wa kwanza. Kila Januari, Siku ya Wanachama, gari hilo humbeba mkulima aliyevuna vizuri kuliko wote, kutoka ofisini hadi uwanjani. Mshindi hapandi gari jingine. Mwaka mmoja alipewa gari jipya la Meneja, akakataa katakata.

Na kukataa kuwaka, gari hilo lilijua! Mafundi wengine wangekimbilia kubadilisha plagi, koili na betri kwa mpigo. Fundi Hiram alianza kwa kumuuliza dereva: lilizima likiwa baridi au moto? Ghafla, au lilikohoa kwanza? Kisha alichomoa waya wa koili, ile inayozidisha nguvu za umeme wa betri, akausogeza karibu na chuma cha injini, akaomba mtu apige stata, akatazama cheche. Cheche ikiwa ya buluu na yenye mlio, umeme hauna neno, katafute petroli. Ikiwa ya manjano na dhaifu, ndipo alipofungua distributa inayogawa umeme kwa plagi. Alirekebisha kitu kimoja, akajaribu, ndipo akagusa cha pili. Ukigusa viwili kwa pamoja mbele yake, ulitumwa ukanywe chai hadi hasira zake ziishe.

Wanachama wa Endebess hawajasahau mwaka 2001. Mshindi, Mama Chepkosgei, alikuwa kiti cha nyuma akipungia watu mkono gari lilipozima pale karibu na Kipsongo. Watu wakajaa: ati lisukumwe, ati lifungwe kamba. Fundi aligusa koili, akaunguza vidole, akajua imezidiwa na joto. Akaomba maji kwa mama wa chai, akaomba leso ya Mama Chepkosgei, akailowesha na kuizungushia koili. Baada ya dakika kumi waliondoka. Mama Chepkosgei alipokea zawadi yake bila leso, na hadi leo akija ofisini huiulizia.

Mimi ni Chelangat, msaidizi wake karakanani tangu 1998, na sasa nitasema jambo ambalo mhariri wa jarida hili aliniuliza mara mbili kama nina hakika ninataka lichapishwe.

Desemba iliyopita, Fundi alipokwenda kwake Bungoma, karakana ilinishinda. Nilikuwa nimeshajifunza kazi, sikatai. Lakini kila asubuhi nilifika nikatega sikio nisikie anavyokohoa akivaa ovaroli, kukawa kimya. Jamani, nilimkumbuka yule mzee hadi nikaona aibu. Siku ya nne nilifungua distributa ya Peugeot. Mle ndani mna pointi, vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili cheche iruke. Hapa Kitale mwanya wake tunaupima kwa gamba la kiberiti. Mimi, kwa makusudi, niliuchana ule ukaratasi mwembamba wa ndani ya pakiti ya sigara, nikapima kwa huo. Mwanya ukawa si mwanya. Gari likagoma, Siku ya Wanachama inakaribia, na Meneja akapiga simu Bungoma.

Fundi alikuja siku iyo hiyo. Alifungua distributa, akachungulia, akanitazama. Aliwatuma wengine wote chai. Kisha akanipa bisibisi, nikaurekebisha mwanya mwenyewe. Kwenye kitabu cha kazi aliandika kwamba pointi zilikuwa zimechoka. Hakuniuliza lolote, wala hakumwambia mtu. Meneja alimwongezea miezi sita.

Jioni hiyo mkewe, Mama Rispah, alipiga simu karakanani, nikaipokea mimi. Hakugomba. Aliuliza tu kama Kitale ndiyo mke mkubwa. Akaniambia kwamba tangu waoane mwaka 1974 amekuwa akimpata mumewe mwisho wa mwezi, Jumamosi na Jumapili, na kwamba zile siku nne zilikuwa za kwanza kumwona akinywa chai bila kuangalia saa. Alikuwa amempandia maharagwe ya kula wawili. Nilimwambia nitafikisha salamu, nikakata simu, nikalia. Fundi, mwenzangu na mwalimu wangu, nisamehe. Mama Rispah, wewe nakuomba radhi zaidi, maana miezi hiyo sita niliiiba kwako.

Jumatano ya wiki jana Peugeot iligoma tena, na safari hii bila mkono wangu. Fundi alikuwa ofisini akijaza fomu za kukabidhi vifaa. Watu walitaka kumwita, nikawakataza. Nilimuuliza dereva maswali, nikatazama cheche, nikaiona ya manjano. Nilisafisha pointi, nikajaribu, wapi! Nikabadilisha kondensa, kile kikopo kidogo kando ya pointi, nikajaribu. Injini ilinguruma hadi vioo vya ofisi vikatikisika. Niligeuka kutazama dirisha lake. Alikuwa ameinama vile vile, anaandika.

Asante kwa miaka thelathini na minne, Mzee wetu. Tutakukosa mno, mimi kuliko wote, na sitajifanya vingine. Mungu awape wewe na Mama Rispah siku nyingi, nyeupe, za kukaa pamoja. Nenda nyumbani. Na simu ya Kitale ikilia, usiishike.