Kitambaa Cheusi cha Wamucii

Wasikilizaji wapendwa, mlio Nyeri mjini, mlio Othaya, hata ninyi wa Endarasha mnaoota moto, leo tunamkumbuka Wamucii Gicheru. Alikuwa fundi wa maabara. Fundi, si daktari. Mwenyewe alitaka lisemwe hivyo.

Kila asubuhi Wamucii alipitia buchani Majengo, akachukua utumbo wa mbuzi ungali na joto. Maabarani alitundika kipande kidogo ndani ya maji ya chumvi yenye joto la mwili. Kipande kilijikaza na kulegea chenyewe.

"Hii ni misuli haingojangi amri yako," aliwaambia wageni. "Wewe ukilala, yenyewe inasukuma githeri umekula."

Yeye na wenzake walikuwa wakipima dawa ya saratani ya koo. Dawa hiyo hulala mwilini mpaka imulikwe. Ikipata mwanga, huamka na kushambulia uvimbe. Kwanza walitaka kujua: ikiwa bado imelala, je, misuli ya namna hii iko salama?

Walianza Julai. Misuli ilijikaza vizuri. Januari, dawa ni ile ile, misuli ikaanza kuchoka. Tena asubuhi tu.

Mkuu wake, Daktari Mutahi, alikasirika. "Umeharibu nyama. Chana hizo kurasa za Januari kitabuni."

"Sichani, Daktari. Utumbo haina makosa. Hiyo dirisha ndio iko na makosa."

"Ati dirisha?"

"Julai tulikuwa na ukungu. Saa hii tuko na jua, na asubuhi inaingia hapo moja kwa moja. Dawa imeamka, na sisi tunasema imelala. Kesho kuna mgonjwa atalazwa kando ya dirisha kama hii."

Daktari akatishia kumwondoa kwenye utafiti. Wamucii akamjibu, "Nitoe. Lakini kitabu inabaki."

Mchana huo aliingia dukani kwa Madhuben, auzaye vitambaa mjini, akaomba mita tatu za kitambaa cheusi.

"Pole, mama. Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa. Nataka kufunika jua."

Madhuben alicheka mpaka akakosea kupima.

Kwa asubuhi kumi, mbuzi kumi, Wamucii alifunika dirisha na misuli ikafanya kazi. Alipofunua, kipande chenye dawa kilichoka. Kipande kisicho na dawa kiliendelea kujikaza katika jua lile lile. Siku ya kumi Daktari Mutahi alisimama pale akitazama. Kisha akasema neno moja: "Andika."

Kurasa za Januari hazikuchanwa. Narudia, hazikuchanwa.

Wasikilizaji wapendwa, Wamucii alituaga Jumatatu, kwa nimonia, akiwa na miaka arobaini na saba. Jana dada yake, Wangechi, aliingia kwa Madhuben akaomba mita tatu za kitambaa cheusi.

"Nani amekufa?" Madhuben aliuliza, kama kawaida yake.

"Wamucii," Wangechi akasema. "Lakini kitambaa si ya matanga. Ni ya dirisha ya maabara. Ile yake imepauka, na kesho kuna kazi."

Kwa mama yake kule Othaya, kwa Wangechi, na kwa wenzake wa maabara, poleni sana. Tunalia nanyi.

Nawe unayenisikiliza, huenda mkubwa wako anakuamuru uchane ukurasa uliouandika kwa haki. Ufikirie leo. Kisha, tafadhali, usiuchane.