Dharura Namba Kumi na Tatu

Benchi letu liko kwenye kona ya mtaa ulio nyuma ya Bunge, mbele ya kibanda cha chai cha Chhotelal. Mbao zake zilitoka kwenye kitanda cha bibi mzaa baba, aliyefariki mwaka 1974. Marehemu baba alikivunja kitanda mwenyewe na kukigeuza benchi, kwa kuwa mama alikataa kukilalia. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaodai kwamba benchi ni mali ya serikali. Ijumaa ile ya Agosti tulilikalia wanne. Tilakram, ambaye kwa heshima ya umri tunamwongezea "-ji", tunamwita Kengele, maana kwa miaka ishirini na tisa alikuwa tarishi wa Baraza la Juu, akipiga kengele ya kuwaita wajumbe ndani. Girdhari, mpiga taipu wa nje ya mahakama, tunamwita Nukta. Bhupinder, fundi simu, ni Antena. Wa nne ni mimi, ambaye husikiliza tu. Hatua tatu kutoka hapo alisimama Hemlata na meza yake ya kupigia pasi. Kijijini kwao milimani, mvua za Julai zilibeba daraja la waenda kwa miguu, na shule iko ng'ambo ya mto. Tangu hapo watoto, binti yake Kusum akiwemo, wanavuka ndani ya kikapu cha chuma kinachovutwa kwa kamba juu ya waya. Mjumbe mmoja wa huko milimani, ambaye kanzu zake hupigwa pasi na Hemlata, alikubali kulisema jambo hilo barazani. Siku hiyo lilikuwa kwenye orodha, na nakala yake alikuwa nayo Kengele.

Hemlata: Kengele-ji, hebu nisomee tena. La kwetu la ngapi?

Kengele: La kumi na tatu, dada. Nimekusomea mara tatu, halijahama.

Hemlata: Na kila mmoja ana dakika tatu?

Kengele: Tatu kamili. Zikiisha, kipaza sauti kinazimwa.

Hemlata: Basi wale kumi na wawili ni dakika thelathini na sita. Wakianza saa tano kamili, sisi ni saa tano na thelathini na sita. Nimeacha kuongeza makaa, pasi ipoe muda huo nisikilize vizuri.

Antena: Dada, wewe ulistahili kuwa waziri wa reli.

Nukta: Mimi kinachonishangaza ni hili. Hiyo inaitwaje, Kengele-ji?

Kengele: Saa ya Dharura.

Nukta: Sasa dharura gani inapewa namba? Nyumba ikiungua unaiambia, ngoja kidogo, mbele yako kuna dharura kumi na mbili?

Kengele: Ndiyo utaratibu. Mjumbe anapeleka notisi siku ya kutangulia, kabla ya saa nne asubuhi. Mwenyekiti wa Baraza anachagua. Na zile shughuli kubwa, miswada na kadhalika, zinagawiwa masaa na Kamati ya Shughuli. Wakubwa wa vyama wanakaa kwenye meza moja, huyu anapewa masaa manne, yule mawili. Jioni orodha inachapwa. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Hemlata: Hiyo unanitia moyo au unanitisha?

Kengele: Ni methali tu, dada, imekaa vizuri mdomoni.

Chhotelal akamimina chai kwenye vikombe vya udongo. Alianza na Kengele, kwa sababu ya umri, kisha Nukta, kwa sababu ya miwani.

Antena: We Kengele, hicho kikao cha kamati ulishawahi kukiona?

Kengele: Kukiona? Mimi ndiye niliyepeleka biskuti!

Antena: Ulipeleka mpaka wapi?

Kengele: Mpaka mlangoni. Ndani aliziingiza mtumishi mwingine, mwenye ngazi ya juu kuliko mimi.

Nukta: Kwa hiyo unachojua wewe ni biskuti.

Kengele: Na biskuti ndizo zenyewe! Sikilizeni, hili sijapata kulisema mpaka nimestaafu. Siku ya korosho za chumvi, kamati ilimaliza kwa robo saa, kila chama kimeridhika. Siku ya biskuti kavu, walitoka jioni hawasalimiani. Nchi hii imeendeshwa na korosho miaka ishirini na tisa. Wanaandika magazetini sijui maelewano, sijui busara. Ni korosho.

Nukta: Mzee, heshima yako naitunza, lakini hapo umepotea. Mpangilio unatoka kwa wachapaji. Karatasi ni moja, mambo ni mengi. Wanaanza na vichwa vifupi, virefu vinasukumwa chini. Nimepiga taipu miaka ishirini na mbili, karatasi naijua tabia. Dada, hebu soma kichwa cha jambo lenu.

Hemlata alikuwa anakijua kwa moyo. Alikitamka akiwa ameshika pasi kama anayeapa:

"Haja ya kujengwa upya kwa haraka kwa daraja la waenda kwa miguu la kijiji cha Dhaunsari lililochukuliwa na mafuriko."

Nukta: Unaona? Maneno kumi na tisa! Na la kwanza ni lipi, Kengele-ji?

Kengele: "Vumbi la marumaru."

Nukta: Maneno matatu. Limekaa juu kama maziwa yaliyochemka. Ningeliandika mimi, ningeandika "Daraja," nikapiga nukta. Lingekuwa la kwanza hata kabla ya sala. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hemlata: Kwa hiyo daraja letu ni baya?

Nukta: Kichwa chake, dada. Kichwa.

Antena alijisafisha koo, na kwa uzoefu wangu hilo halijawahi kuleta heri. Aliweka simu yake juu ya gunia la makaa, akaiegemeza kwenye kopo la sukari. Kioo kilikuwa na ufa, lakini ukumbi mzima ulionekana, na viti vyake vyekundu.

Antena: Nyote mnazunguka. Nani hapa anamjua yule mpiga ramli wa lango la kaskazini, mwenye kasuku?

Chhotelal: Yule kasuku anayechomoa kadi? Alimwambia shemeji yangu atapata mtoto wa kiume. Akapata ng'ombe.

Antena: Alhamisi jioni umewahi kumwona pale?

Chhotelal: Alhamisi... hapana.

Antena: Hapana! Kwa sababu Alhamisi gari jeupe lenye vioo vyeusi linamfuata. Si mpiga ramli, anaachwa na mwavuli wake. Kasuku peke yake. Anaingizwa ndani, anawekewa notisi zote mezani zimekunjwa, anachomoa moja, mbili, tatu, mpaka achoke. Alivyochomoa ndivyo inavyochapwa.

Kengele: Upuuzi mtupu! Kura zipo, sikatai. Kwa miswada ya wajumbe binafsi lipo sanduku, majina yanatumbukizwa, yanachomolewa. Sanduku lipo. Kasuku hayupo.

Antena: Anayechomoa ulimwona?

Kengele: Sikumwona.

Antena: Ulisikia sauti yake?

Kengele: Mlango ulikuwa umefungwa.

Antena: Basi. Lisemwalo lipo. Na ukitaka ushahidi, nenda kaulize duka la mbegu la pale mzungukoni nani ananunua pilipili kavu, chakula cha kasuku, kwa magunia.

Nukta: Jikoni kwa Bunge, wewe! Watu wanakula dali ya dengu yenye pilipili!

Antena: Dali gani ya magunia? Dada Hemlata, usijali. Kumi na tatu maana yake kasuku alikuwa bado hajachoka. Na hilo daraja lenu, usilililie sana. Lilielea likaenda. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Hemlata aliitua pasi juu ya jiwe lake.

Hemlata: Bhupinder, mwanangu anakaa ndani ya kikapu akiwa amefumba macho. Akifika katikati, wanaovuta kamba wanabadilishana mikono. Hapo kikapu kinasimama. Kila siku anahesabu mpaka ishirini kinaanza tena. Niambie habari za kasuku kesho. Leo niache nisikilize.

Antena akashusha macho, akaongeza sauti ya simu.

Ilikuwa saa tano kamili. Mwenyekiti aliingia, wote wakasimama, wakakaa. Ilisomwa tanzia ya mjumbe mmoja wa zamani, wakanyamaza kwa ajili yake. Waziri akaweka karatasi mezani, mwingine akaweka zake. Nilitazama saa yangu: saa tano na dakika nne. Hemlata alikuwa amekunja kanzu ya mwisho na kukaa juu ya ndoo.

Mwenyekiti akasema amepokea notisi sita za wajumbe wanaotaka orodha ya leo iwekwe kando ili Baraza lijadili jambo la haraka zaidi.

Hemlata: Lipi hilo?

Kengele: Nne ni za bei ya vitunguu. Mbili ni za neno ambalo mjumbe mmoja alimtamkia mwenzake jana.

Hemlata: Na orodha wanaiwekaje kando, wakati imeshachapwa?

Kengele: Ndiyo dawa kali kuliko zote, dada. Unaomba kila kitu kisimame. Mimi nimeona notisi za namna hiyo kwa mamia. Zilizokubaliwa nazihesabu kwa vidole vya mkono huu, na kidole kimoja kilikatwa na mlango.

Mwenyekiti akazikataa zote sita. Hapo upande mmoja ukasimama wote. Wengine wakashuka mpaka mbele, wakishika karatasi zilizoandikwa VITUNGUU. Upande wa pili nao ukasimama, kulalamika kwamba wa kwanza wamesimama. Katikati ya zogo alionekana mtu mwenye kanzu ya rangi ya maziwa, amekaa, karatasi yake mkononi.

Hemlata: Yule! Yule pale ndiye wetu! Ile kola niliinyoosha jana mimi!

Nukta: Imenyooka kweli.

Hemlata: Simama, baba! Sema tu! Sema hata kama hawasikii!

Mwenyekiti alisema kitu, kipaza sauti hakikukinasa, akanyanyuka akatoka. Ukumbi ukaanza kumiminika nje. Saa yangu ilisema saa tano na dakika saba.

Hemlata: Wanakwenda wapi?

Kengele: Imeahirishwa mpaka saa sita.

Hemlata: Sawa. Saa sita basi. Saa sita na thelathini na sita.

 Kengele alikunywa chai iliyokuwa imekwisha kikombeni.

Kengele: Saa sita ni maswali kwa mawaziri, dada. Saa ya Dharura ni ile ya tano mpaka sita tu. Ikipita imepita.

Hemlata: Lakini sisi tupo kwenye orodha.

Kengele: Orodha ni ya yanayotakiwa kusemwa. Si ya yatakayosemwa.

Hemlata: Basi Jumatatu wanaanzia hapo. Dharura kumi na tatu zilezile.

Kengele: Notisi inakufa na siku yake. Jumatatu mjumbe wako apeleke mpya, kabla ya saa nne, Mwenyekiti aione, aipende, aipe namba ya Jumanne. Subira huvuta heri.

Hemlata: Kikapu huvutwa na kamba, Tilakram-ji.

Nukta akatoa kalamu, akasema notisi mpya ataiandika mwenyewe, kwa neno moja, bila malipo. Antena akasema kuna mtu anayemjua mtu wa kasuku. Kengele akasema la kwanza ni kumwona mpishi, kama Jumatatu kuna korosho. Wakaanza kubishana kwa sauti ya juu, kila mmoja akimsaidia Hemlata kwa njia yake. Hakuna aliyemwona mwanamke mzee aliyekuwa akivuka barabara, mzigo kichwani, akimsubirisha kwa mkono mwenye pikipiki.

Alikuwa mama mkwe wa Hemlata. Alikuwa amepanda basi tangu jana alfajiri ili naye asikie jina la kijiji likitajwa, na basi lilikwamishwa na maporomoko njiani. Hemlata akainama kumgusa miguu kwa heshima, akamtua mzigo. Ulikuwa na kokwa za jozi za milimani na unga wa wimbi. Tukasogea, akakaa katikati yetu.

Mama mkwe: Wameshasoma?

Hemlata: Bado, Amma.

Mama mkwe: Watasoma leo?

Hemlata: Leo hapana.

Chhotelal akampa chai. Kengele, kwa heshima ya umri wake, akamweleza yote tangu mwanzo: notisi, kamati, namba, kuwekwa kando, kuahirishwa. Nukta aliongeza habari ya vichwa virefu. Hata kasuku alitajwa, kwa upole. Bibi alisikiliza bila kukatiza, kama anayesikiliza daktari. Alipohakikisha wamemaliza, aliweka kikombe chini.

Mama mkwe: Nimeelewa. Nyinyi ni watu mliosoma, na mnaishi karibu nao. Kikapu kinaanza kuvusha saa moja asubuhi. Hao wanaanza saa tano. Kwa wiki mbili hizi waya umeanza kulia, na mvutaji anasema hajui kwa nini. Mtoto nimemwacha kwa shangazi yake, na usiku huu narudi. Kwa hiyo nilitaka kuuliza tu. Jumatatu nimwambie avuke, au asivuke?

Alimtazama Kengele kwanza, kwa kuwa alikuwa mkubwa wetu. Kengele aliikunja orodha mara nne, akaitia mfukoni. Bibi akamtazama Nukta, naye akavua miwani akaifuta. Antena alichukua simu yake kutoka kwenye gunia, akaigeuza kifudifudi. Hemlata alikuwa ametupa mgongo, anapuliza makaa ambayo yalikuwa yameshazimika.

Bibi aliponifikia mimi, wa nne, niliinama kufunga kamba za viatu. Siku hiyo nilikuwa nimevaa ndala.